Sura ya Sita: Kilichokuwa Tayari Kwenye Kioo

Kabla simu haijawa kamera, mtu aliyemaliza mkanda wa filamu aliupeleka studio ukasafishwe. Ndilo neno tulilotumia, kusafisha, na lilikuwa sahihi kuliko wengi wetu tulivyofahamu. Picha ilikuwa imeshaingia kwenye mkanda tangu kamera ilipofyatuliwa. Kilichobaki kilikuwa kazi ya fundi aliyejifungia katika chumba cha giza na mabeseni yake ya dawa, akiitoa picha iliyokwisha kuwepo. Akizidisha muda, picha inaungua. Akiharakisha, nyuso hazitoki. Na kama mtu hakuwepo siku ya kupigwa picha, hakuna dawa itakayomleta.

Sura hii ni ya fundi wa namna hiyo, ila picha zake zilikuwa za galaksi. Anaitwa David Malin. Alizaliwa mwaka 1941 katika eneo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, na hakusomea falaki. Alikuwa mkemia. Alifanya kazi katika kampuni ya kemikali ya Ciba-Geigy mjini Manchester, akichunguza vitu vidogo sana kwa hadubini na kwa eksirei, na kupiga picha alichokiona. Mwaka 1975 akahamia Australia kuwa mtaalamu wa sayansi ya picha katika kituo cha Anglo-Australian Observatory, akabaki hapo hadi mwaka 2001. Aliyezoea kutazama chini ya hadubini akageuzwa kutazama vitu vikubwa kuliko vyote.

Wengi wanaomjua wanamjua kwa picha za rangi zilizopamba kalenda, mabango na majalada ya vitabu dunia nzima. Nadhani uzuri wa picha zile umemnyima haki yake. Umewafanya watu waone mpiga picha hodari, wakasahau kwamba mtu huyu aligundua vitu ambavyo wanafalaki waliobobea walikuwa navyo kwenye makabati yao miaka mingi bila kuviona. Mabamba yalikuwepo. Nuru ilikuwa imeshatua. Kilichokosekana ni mtu aliyejua kinachotokea ndani ya utando wa picha.

Siding Spring ni mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 1,100, karibu na mji mdogo wa Coonabarabran katika jimbo la New South Wales. Hapo Uingereza na Australia zilijenga kwa pamoja darubini yenye kioo cha upana wa mita 3.9, iliyozinduliwa Oktoba 1974. Jirani yake ipo nyingine iliyojengwa na Waingereza, ya aina ya Schmidt, yenye upana wa mita 1.2 tu lakini jicho lake ni pana ajabu. Bamba lake moja la kioo, la sentimita 35 na ushei kila upande, lilibeba kipande cha anga ambacho ungeweza kupanga miezi mipevu 13 kwa mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Ile kubwa inachimba, hii inafagia.

Nyakati hizo darubini kubwa nyingi zilikuwa kaskazini ya ikweta, na anga ya kusini ilikuwa bado haijachunguzwa kwa kina. Ni anga ambayo msomaji wa Lindi au Lubumbashi anaijua kwa macho yake: kitovu cha Njia Nyeupe kikipita juu kabisa, Msalaba wa Kusini, na yale Mawingu mawili ya Magellan ambayo mtu wa London hawezi kuyaona akiwa kwao.

Darubini hizi hazikutumia mkanda. Zilitumia bamba la kioo lililopakwa utando mwembamba wa jelatini wenye chembe za chumvi ya fedha. Kioo hakijikunji wala hakivutiki, kwa hiyo nyota inabaki mahali pake miaka na miaka. Katika darubini kubwa, mtazamaji alipanda hadi kileleni, akaingia katika kizimba kilichoning'inia ndani ya darubini yenyewe, akakaa humo gizani na kwenye baridi kwa saa nzima au zaidi, akihakikisha kwamba darubini haiiachi nyota wakati dunia ikizunguka. Malin naye alikaa humo.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kikemia, na hapo mkemia alikuwa nyumbani. Chembe ya chumvi ya fedha haiamshwi na fotoni moja ya nuru. Inahitaji kadhaa, tena zifuatane kwa karibu. Mchana zinamiminika kama mvua ya masika. Nuru ya galaksi ya mbali inadondoka tone kwa tone, na ile chembe ni kama mtungi wenye ufa: tone la kwanza limeshavuja kabla la pili halijafika. Ndiyo maana kuongeza muda mara mbili hakukuleta picha yenye nguvu mara mbili. Kinachoutoboa mtungi ni unyevu na oksijeni vilivyonaswa ndani ya jelatini. Dawa yake, ambayo Malin alikuwa miongoni mwa walioikomaza, ilikuwa kuyaoka mabamba katika gesi ya naitrojeni ili kufukuza maji na hewa, kisha kuyalowesha katika gesi ya haidrojeni. Bamba lililotoka hapo lilikuwa jepesi la kushika nuru mara nyingi zaidi kuliko lilipotoka kiwandani. Lilitakiwa kutumika upesi, kwa sababu likikaa kwenye hewa ya kawaida linarudia uzembe wake.

Hayo yalikuwa maandalizi. Kazi iliyompa Malin jina ilianza baada ya bamba kusafishwa.

Tafuta usiku zile nyota tatu zilizopangana za kundi la Orioni. Karibu nazo kuna doa la ukungu, ambalo ni nebula, wingu kubwa la gesi ambamo nyota zinazaliwa. Kitovu chake kinang'aa sana na pembezoni pake ni hafifu mno. Bamba la kioo, ambalo ni negativu, linahifadhi vyote viwili: kitovu kinakuwa cheusi tititi, pembezoni panakuwa na kivuli chepesi. Lakini ukienda kuchapa picha kwenye karatasi unalazimika kuchagua. Ukitaka pembezoni paonekane, kitovu kinageuka doa jeupe lisilo na kitu. Ukitaka kitovu, pembezoni panazama gizani. Karatasi haina uwezo wa kubeba tofauti kubwa hivyo. Vitabu vya falaki vya miaka ya 1960 vimejaa nebula zilizoungua katikati, na wasomaji walidhani ndivyo zilivyo.

Ujanja aliouchukua Malin ulikuwa unajulikana kwa wataalamu wa picha tangu miaka ya 1930 huko Ujerumani. Mwaka 1977 aliandika jinsi ya kuutumia kwenye mabamba ya darubini. Alichukua bamba la negativu akalilaza juu ya filamu, lakini upande wa kioo ndio ukigusa filamu, ili unene wa kioo utenganishe picha na filamu. Akamulika kwa mwanga uliotawanyika. Kwa sababu ya ule mwanya, kivuli kilichoanguka kwenye filamu kilikuwa na ukungu, kama kivuli cha mtu wakati wa wingu jepesi: umbo la jumla lipo, alama ndogo ndogo hazipo. Nakala hiyo ilikuwa chanya, yaani palipo peusi kwenye negativu, penyewe palikuwa peupe.

Kisha akavipandanisha viwili, negativu na nakala yake yenye ukungu, kiungo juu ya kiungo. Fikiri kinachotokea. Penye weusi mkubwa, nakala ni nyeupe. Penye weupe, nakala ni nyeusi. Tofauti kubwa kubwa zinafutana. Lakini nyuzi za gesi, mikunjo, vipande vyembamba vya vumbi, hivyo nakala haina, kwa hiyo haiwezi kuvifuta. Vinabaki. Ukichapa mpandano huo, kitovu cha nebula kinatoka na nyuzi zake zote, na pembezoni napo panatoka, katika karatasi moja. Hakuna kilichochorwa. Kilichoondolewa ni ule mng'ao wa jumla uliokuwa ukiyazuia macho, kama unavyokinga jua kwa kiganja ili umtambue anayekuja.

Msomaji aliyewahi kuhariri picha kwenye kompyuta ameugusa mkono wa ujanja huu. Kitufe cha kunoa picha katika programu nyingi bado kinabeba jina la zile nakala zenye ukungu, ambazo wataalamu huziita barakoa. Kompyuta inatengeneza nakala yenye ukungu, inaitoa kwenye picha halisi, na kuonyesha kilichobaki. Hesabu ni ile ile. Tofauti ni kwamba Malin aliifanya kwa vioo, balbu na saa ya ukutani.

Ujanja wa pili ulikuwa wa kwake hasa, na naupenda kuliko wa kwanza kwa sababu usingeweza kufikiriwa na mtu asiyejua kemia. Anga ya usiku si nyeusi, hata mlimani. Hewa yenyewe inang'aa kidogo, na mng'ao huo unalitia bamba kivuli kote. Galaksi hafifu inaongeza kwenye kivuli hicho asilimia moja au mbili tu, na jicho haliwezi kuipambanua. Malin alijua kwamba chembe zilizoamshwa na nuru dhaifu kutoka angani zinakaa juu juu ya utando, upande nuru ilikoingilia. Ule uchafu mwingine, ukungu unaoletwa na dawa yenyewe, umeenea katika kina chote cha utando. Kwa hiyo ukinakili bamba likiwa limegusana ana kwa ana na filamu kali sana, ukamulika kwa mwanga uliotawanyika, chembe za juu zitajichapa vizuri na zile za ndani zitafifia. Unakuwa umechota malai bila kugusa maziwa.

Mwaka 1978 alieleza njia hiyo katika jarida la Nature. Baadaye akaongeza hatua: kuchapa mabamba kadhaa ya sehemu moja ya anga, moja juu ya jingine, kwenye karatasi moja. Chembe za kila bamba zimekaa ovyo, hazilingani na za mwenzake, hivyo zinalainishana. Galaksi iko mahali pale pale katika yote, hivyo inajijenga.

Na hapo ndipo yalipoanza kutoka mambo ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Kuna galaksi za umbo la yai ambazo wanafalaki walikuwa wamezipuuza kama vizee waliotulia. Hazina mikono ya mzunguko kama Njia Nyeupe, gesi yao ni kidogo, nyota zao ni za zamani, nuru yao inafifia taratibu kutoka katikati bila kovu lolote. Mwaka 1979 Malin alionyesha mchirizi hafifu uliotoka kwenye mojawapo, inayoitwa M89, katika kundi la galaksi la Virgo. Mwaka 1980, pamoja na mwanafalaki David Carter, akatangaza jambo zito zaidi: baadhi ya galaksi hizi zimezungukwa na maganda makubwa ya nuru, tao baada ya tao, kama tabaka za kitunguu kilichokatwa. Mwaka 1983 wawili hao walichapisha orodha ya galaksi 137 zenye maganda au mawimbi ya namna hiyo. Nyingi zilikuwa kwenye mabamba ambayo watu walikuwa wameshayapitia.

Maganda hayo yametoka wapi? Jibu ambalo bado linakubalika lilipata nguvu mwaka 1984 kutoka kwa mwanafalaki Peter Quinn, aliyelijaribu kwa kompyuta. Galaksi ndogo ilianguka ndani ya kubwa ikasambaratika, na nyota zake zikabaki zikipita na kurudi, zikivuka kitovu kwenda upande huu kisha ule. Mtazame mtoto kwenye bembea. Katikati anapita kwa kasi. Mwishoni, kabla ya kurudi, anasimama kidogo. Ukimpiga picha mia moja bila kuchagua, nyingi zitamkuta karibu na ncha. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Zinarundikana pale zinapogeukia, na mrundikano huo ndio ganda. Zilizoanguka kwa nguvu zaidi zinageuka mbali zaidi, kwa hiyo yapo maganda mengi, na mara nyingi yanapishana: moja kushoto, linalofuata kulia.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu naona ndiyo kilele cha kazi yake, kupita hata ile galaksi iliyopewa jina lake. Vizee waliotulia walikuwa wamemeza majirani zao. Leo kila kitabu cha falaki kinasema galaksi hukua kwa kumezana, na mwanafunzi anaisoma sentensi hiyo kama kitu cha kawaida. Lakini makovu ya kumezana huko yalionekana kwa wingi mara ya kwanza katika chumba cha giza cha Australia, kwenye nuru iliyokuwa hafifu kiasi kwamba vifaa vya kupimia bamba viliihesabu kama anga tupu. Naamini mtu aliyeanza kwa kutafuta nadharia asingeyafikia haraka hivyo. Malin alianza kwa kuliheshimu bamba.

Palikuwa na hatari, naye aliijua. Njia inayokuza kilicho hafifu inakuza pia uongo ulio hafifu. Alama ya kidole, vumbi, dawa isiyokorogwa sawasawa, mwangaza uliorudi kutoka kwenye lenzi za darubini yenyewe: vyote hivyo vinaweza kuvaa sura ya mchirizi au ganda. Kinga iliyopo ni moja, nayo haina njia ya mkato. Kitu kionekane kwenye zaidi ya bamba moja, yaliyopigwa usiku tofauti, ikiwezekana kwa darubini tofauti. Kisipoonekana, hakipo. Nidhamu hiyo haijapitwa na wakati. Mwaka 2018, wanasayansi wa Event Horizon Telescope walipokuwa na data za shimo jeusi la galaksi M87, walijigawa katika timu nne zilizokatazwa kuzungumza, kila moja itengeneze picha kwa njia yake. Zilipokutana, zote nne zilikuwa na pete. Ndipo wakaiamini, na Aprili 2019 wakaionyesha dunia.

Kuhusu rangi nitasema machache, maana ndizo zilizosemwa sana. Filamu ya rangi ya kawaida ina tabaka tatu, na kwa muda mrefu wa kupiga kila tabaka linachoka kwa kiasi chake, rangi zinapotoka. Malin alirudi kwenye wazo ambalo Mskoti James Clerk Maxwell alilionyesha London mwaka 1861: piga picha tatu za nyeusi na nyeupe, moja kupitia kichujio chekundu, moja cha kijani, moja cha buluu, kisha uziunganishe kwa mianga ya rangi hizo hizo. Ugumu ni kuzipandanisha nyota maelfu ya bamba moja na zile zile za bamba jingine bila hata nywele moja kupotea. Alipofaulu, ilionekana kwamba rangi ni habari. Wekundu ni haidrojeni iliyochomwa na nyota changa. Ubuluu ni vumbi linaloakisi nuru ya nyota za moto, kama linavyoonekana likizizunguka nyota za Kilimia, zile zile ambazo wakulima wetu walizitazama kujua majira ya kulima. Umanjano wa kitovu cha galaksi ni uzee wa nyota zake. Jicho haliwezi kuona rangi hizo hata kwa darubini kubwa, kwa sababu katika mwanga mdogo macho yetu hupoteza rangi, kama kanga zote zinavyofanana usiku.

Kisha ikaja Februari 1987. Nyota kubwa katika Wingu Kubwa la Magellan ililipuka, ikawa supanova ya kwanza kuonekana kwa macho matupu kwa urahisi tangu mwaka 1604. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyetazama upande wa kusini jioni za Machi na Aprili mwaka huo, mawingu ya masika yakimruhusu, aliweza kuiona bila kifaa chochote. Nuru yake ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka 160,000.

Siding Spring walikuwa na hazina: mabamba ya mahali pale pale yaliyopigwa mwaka 1984, nyota ikiwa bado nzima. Baada ya mlipuko kufifia, Malin na mwenzake David Allen walifanya kutoa kwa vioo. Walichukua bamba la zamani likiwa chanya na bamba jipya likiwa negativu, wakayapandanisha. Kila nyota isiyobadilika ilijifuta. Kilichobaki, katika picha ya mwaka 1988, kilikuwa pete mbili kubwa kuizunguka supanova. Huo ni mwangwi wa nuru. Sehemu ya mwako wa mlipuko ilikwenda pembeni, ikagonga mapazia ya vumbi yaliyo mbele ya nyota kwa umbali wa mamia ya miaka ya nuru, ikarudi kwetu ikiwa imechelewa kwa sababu njia yake ilikuwa ndefu. Na kwa kuwa picha zilipigwa kwa vichujio vitatu, ulionekana hata umanjano wa mwako wenyewe, miezi baada ya mwako kuzimika. Siijui picha nyingine ya kipindi kile inayoonyesha kwa uwazi hivyo nuru ikiwa safarini.

Imebaki ile galaksi iliyopewa jina lake. Mwaka 1976 mwanafalaki Mike Disney alitoa hoja iliyowakera wengi: galaksi tunazozijua ni zile tu zinazong'aa kuliko anga yetu, na huenda zipo nyingine, hata kubwa, zilizojificha chini ya mng'ao wa usiku. Gregory Bothun na Chris Impey walitaka kuzitafuta, na njia iliyokuwepo ilikuwa mabamba ya Schmidt ya kundi la Virgo yaliyokuzwa na Malin. Miongoni mwa madoa yaliyotokea kulikuwa na moja lililodhaniwa kuwa galaksi kibete ya hapo hapo Virgo. Vipimo vya mwaka 1986 vilisema vingine. Ilikuwa mbali zaidi ya mara 20 kuliko Virgo, takriban miaka ya nuru bilioni 1.2. Kitu kinachoonekana na upana ule kikiwa mbali kiasi kile lazima kiwe kikubwa kupindukia: zaidi ya miaka ya nuru 500,000 kutoka ukingo hadi ukingo, mara tano au zaidi ya Njia Nyeupe. Ikaitwa Malin 1. Hadi leo ni miongoni mwa galaksi za mzunguko kubwa kuliko zote zinazojulikana, na nyota zake zimetawanyika kiasi kwamba ukiwa ndani yake usiku ungekuwa mtupu kuliko wetu.

Katika miaka ya 1990 vitambuzi vya elektroni vilimaliza utawala wa kioo. Bamba zuri linanasa fotoni chache tu katika kila mia. Kitambuzi cha kisasa kinanasa 80 au 90. Mwanzoni vilikuwa vidogo mno kufagia anga, ndiyo maana ufundi wa Malin uliishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Vilipokua, chumba cha giza kilifungwa. Mbinu zenyewe zilihamia kwenye programu: kupandanisha picha nyingi ili kelele ifutane, kutoa ya zamani kwenye mpya ili kubaki na kilichobadilika, kuondoa ukungu wa jumla ili mikunjo itoke. Kijana anayeandika programu hizo leo, Nairobi au Cape Town, anafanya kazi iliyokwisha kufanywa kwa mikono yenye harufu ya dawa, na namsihi aisome historia hiyo kabla ya kuiamini kompyuta yake.

Mikono ya Malin 1, ile mizunguko mipana ambayo mabamba yalikuwa yameionyesha kama moshi tu, haikupigwa picha vizuri kwa muda mrefu. Mwaka 2015 timu ya Gaspar Galaz kutoka Chile iliipiga kwa darubini ya Magellan, yenye kioo cha mita 6.5. Ikatoka na rangi zake, mkono baada ya mkono, ikiwa pale pale Malin alipoikuta.